Madereva, mgomo na mkataba usioandikwa: kumbukumbu kutoka barabara ya Ufipa

Asubuhi ya Ijumaa, Aprili 10, 2015, mabasi ya mikoani hayakutoka kituo cha Ubungo, Dar es Salaam. Abiria wa Sumbawanga, ambao mbele yao kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, walikwama na tiketi zao sawa na wenzao wa Mwanza na Arusha. Polisi walifyatua mabomu ya machozi. Mwishowe Serikali ililegeza kamba kupitia Waziri wa Kazi wa wakati huo, Gaudentia Kabaka: agizo la kumtaka dereva arudi darasani kila anapohuisha leseni likawekwa kando.

Kwa sababu hiyo wengi wanaukumbuka mgomo ule kama mgomo wa leseni. Mwezi mmoja nyuma, Machi 11, basi la Majinja na lori la kontena vilikuwa vimegongana Changarawe, karibu na Mafinga, na watu zaidi ya 40 wakafa. Nchi ililia, na lawama ikamwangukia aliyeshika usukani. Madereva walijibu kwa swali ambalo hadi leo naliona la haki: nani anamtuma dereva aliyekesha akaendeshe tena alfajiri? Katika madai yao, nyuma ya leseni, lilikuwapo dai la mikataba ya kazi. Leseni ilipata jibu upesi. Mikataba haikupata, na Mei 4 wakagoma tena. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda kamati ya kushughulikia matatizo ya usafiri wa barabarani.

Kwa nini mtu wa Ufipa, uwanda wa Sumbawanga, alifuatilie jambo hili kuliko wengine? Kwa sababu Sumbawanga haina reli. Reli iliyo karibu iliishia Mpanda mwaka 1950, kilomita 240 hivi kaskazini, na TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inapita Tunduma ikielekea Zambia. Mahindi, maharage na ulezi wa uwanda huu hushuka kwa lori. Saruji, mbolea na sukari hupanda kwa lori. Kwa miaka mingi gari lililotoka Tunduma masika lilikuwa likilala njiani, limezama tope hadi kwenye ekseli, dereva na utingo wake wakipika ugali chini ya tela. Lami ya kilomita 223 ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, Laela hadi Sumbawanga. Safari ikafupika. Masharti ya kazi ya anayeiendesha safari hiyo hayakubadilika kwa kasi ileile.

Ugomvi kati ya mwenye mzigo na mbeba mzigo katika njia hizi ni mkongwe kuliko injini. Karne ya 19 misafara ilipita Ufipa ikielekea Ziwa Tanganyika, mpagazi akiwa na frasila mbili hivi kichwani au begani, yaani zaidi ya kilo 30. Posho ilipopunguzwa au mwendo ulipozidi, wapagazi waliweza kuitua mizigo chini wakakataa kuinyanyua mpaka mkuu wa msafara azungumze nao. Wengine walitoroka usiku. Mkoloni alikuja na sheria yake: Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi ya mkataba kuwa kosa la jinai. Wafipa waliijua vizuri, maana maelfu yao walikwenda kukata mkonge wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kuanzia mwaka 1944 wakala wa wenye mashamba, Silabu, alikuwa akikusanya watu wa mikoa ya mbali kama hii na kuwapeleka pwani. Manamba alikuwa na mkataba wa maandishi. Kazi ya mkataba ule ilikuwa kumfunga yeye, wala si kumlinda.

Madereva, kwa upande wao, walijipanga mapema. Katika historia ya vyama vya wafanyakazi Tanganyika, chama cha madereva wa magari cha mwaka 1927 hutajwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kwa reli ya kati hadi bara. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, likaundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Lakini baada ya uhuru mlango ulifungwa haraka: sheria ya mwaka 1962 ya kusuluhisha migogoro iliufanya mgomo halali kuwa mgumu mno, na mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilifutwa, ikaanzishwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya mbawa za chama tawala. Ikaja JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991. Zaidi ya robo karne ilipita mfanyakazi akiwa na chama kimoja ambacho hakukiunda yeye.

Na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho, mageuzi ya uchumi yaliyahamisha malori kutoka mashirika ya umma kwenda kwa watu binafsi. Hapa ndipo ninapouona mzizi wa mgogoro wa sasa. Dereva wa shirika alikuwa na faili ofisini, likizo na kiinua mgongo. Dereva wa tajiri ana ahadi ya mdomo, posho ya safari iitwayo mileji na namba ya simu. Anayeendesha Fuso la mahindi kutoka Laela hulipwa kwa safari; gari likiharibika wiki mbili, hana kitu. Akiugua, deiwaka anakaa kwenye kiti chake, na pengine kiti hakirudi. Chama cha wafanyakazi kinapotaka kuzungumza na mwajiri, kinakuta tajiri mwenye magari mawili na madereva wawili, mmoja wao mpwa wake. Wenye mabasi wana TABOA, wenye malori wana TATOA. Madereva wamegawanyika katika vyama zaidi ya kimoja, na wengi hawamo katika chochote.

Sheria, ukiisoma, iko upande wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi, kazi iwe ndani au nje ya nchi, na hilo linamhusu moja kwa moja anayevuka Kasesya au Tunduma kwenda Zambia. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha Sh200,000 kwa mwezi katika usafirishaji wa nchi kavu.

Ila ndani ya Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 kuna jambo ambalo viongozi wa migomo hawakulieleza vya kutosha kwa wenzao. Mgomo halali una hatua zake: mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, usuluhishi ushindikane ndani ya siku 30, chama kipige kura, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Tena mgomo unaruhusiwa kwa kudai jambo jipya, kama nyongeza ya mshahara. Kudai kitu ambacho sheria imeshakupa, mkataba wa maandishi kwa mfano, kunahesabiwa kuwa malalamiko, na malalamiko hayagomewi. Huamuliwa na Tume au Mahakama ya Kazi. Kwa hiyo dereva aliyeegesha gari mwaka 2015 akidai mkataba alikuwa na haki kamili katika dai lake lakini hakuwa na kinga katika njia yake. Serikali ilijua hilo. Wenye magari nao walijua. Ndiyo maana kila mara walikubali kuunda kamati, magari yakaondoka, na jambo likabaki palepale. Julai 2022 madereva wa malori waligoma tena, na mikataba ilikuwamo katika madai.

Simlaumu aliyegoma. Bila Aprili 2015 hakuna waziri ambaye angesimama Ubungo. Lakini naamini nguvu iliyotumika barabarani ingefika mbali zaidi kama nusu yake ingepelekwa CMA, faili moja baada ya jingine, chama kikimsindikiza mwanachama wake. Sheria inatambua mwakilishi wa chama mahali pa kazi hata kwa wanachama wasiozidi 9, kwa hiyo udogo wa kampuni si kisingizio. Na kuna kifungu cha 15 cha Sheria hiyo, ambacho kila dereva wa Ufipa anastahili kukijua kama anavyojua kona za barabara yake: mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya kazi ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya ajira unakuwa juu yake yeye mwajiri.

Kwa hiyo ndugu dereva, kama umeachishwa kazi kwa simu ukiwa Laela au Matai, usikae ukisubiri mgomo mwingine. Tunza stakabadhi za mizani, hati za mizigo na ujumbe wa malipo ya mileji, kwa kuwa huo ni ushahidi kwamba ulikuwa kazini. Halafu wahi Tume: kanuni za mwaka 2007 ziliweka siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, na siku 60 kwa malalamiko mengine.