Tiara na Mwani Katika Pwani ya Paje

Wanahistoria wa pwani yetu wameusemea sana upepo. Wamesema, na wamesema kweli, kwamba kaskazi ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyovirudisha kwao. Lakini marikebu za moshi ziliposhika njia zile za kale, na baadaye mashine zilipofungwa katika majahazi yenyewe, upepo ulitoka katika vitabu vyetu kana kwamba umekoma kuvuma. Haukukoma. Katika karne hii ya 21 umepata kazi nyingine huko Paje, kijiji cha upande wa mashariki ya kusini wa kisiwa cha Unguja. Katika miezi ya Januari na Julai huonekana juu ya maji yake tiara kubwa za rangi nyingi, na chini ya kila tiara mtu amesimama juu ya kibao akivutwa kwa kasi. Wako watakaosema kwamba mchezo si jambo la kuandikiwa historia. Mimi naona kwamba mchezo huu wastahili historia, maana umefika mahali ambapo watu walikuwa wakitafuta riziki.

Fikira ya kumfanya upepo akokote mtu kwa tiara si ya jana. Mwalimu mmoja wa shule katika mji wa Bristol, Uingereza, jina lake George Pocock, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1826 kwa gari lililovutwa na tiara. Husimuliwa kwamba gari hilo lilipita bila ya kulipa ushuru wa njia, kwa kuwa ushuru ulihesabiwa kwa farasi, nalo halikuwa na farasi hata mmoja. Mwaka 1903 Samuel Franklin Cody, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza, alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza katika mashua ndogo iliyokokotwa na tiara. Lakini tiara za watu hawa zilikuwa na ila moja: ikiangukia majini, tiara hulowa, ikawa mzigo. Ila hiyo iliondolewa na ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao mwaka 1984 waliomba hati kwa tiara yenye mishipa ya kujazwa hewa. Tiara hiyo huelea ikianguka, na yaweza kupaa tena kutoka majini. Ilipita miaka zaidi ya 10 kabla ya watu kuitaka. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 mchezo ulishamiri huko Maui, katika visiwa vya Hawaii, na mwaka 2024 uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mashindano yake yakifanyika katika bahari ya Marseille.

Mtu aliyelelewa na vyombo vya tanga hahitaji kuelezwa sana kazi yenyewe. Fimbo anayoishika mchezaji ni demani yake. Kwayo hulegeza au hukaza. Ukingo wa kibao, ukikandamizwa majini, hufanya kazi ya mkuku, humzuia asichukuliwe ovyo aendako upepo. Ndiyo maana aweza hata kubisha, kama baharia yeyote.

Kwa nini basi Paje? Ufuko wake umeelekea mashariki. Kaskazi, ivumayo tokea Desemba mpaka Machi, huja kutoka kaskazini-mashariki. Kusi, ivumayo kwa nguvu tokea Juni mpaka Septemba, huja kutoka kusini-mashariki. Zote mbili huufikia ufuko kwa mshazari, zikitoka baharini, hazikuvunjwa na miti wala nyumba, na zaelekea kumrudisha mtu nchi kavu kuliko kumpeleka kilindini. Tena liko tumbawe mbali na ufuko, nalo huvunja mawimbi, hata maji yaliyo ndani yake yakawa machache na matulivu, na chini yake ni mchanga. Ni nadra mahali kupewa neema zote hizi pamoja.

Lakini neema hizi ndizo zinazotakiwa na mwani. Mwani nao hutaka maji machache, mchanga, na tumbawe la kuuzuilia mawimbi. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa walioshika kazi hiyo walikuwa wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, huenda mashambani mwao, wakachomeka vijiti mchangani, wakafunga kamba baina yake, na katika kamba wakaning'iniza vipande vya mwani kwa nyuzi. Baada ya wiki 6 hivi huvuna, wakaanika, wakauza. Na huko ng'ambo hutolewa ute wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Bei aipatayo mkulima ni ndogo, na sitaki kuipamba. Hata hivyo fedha ile ilikuwa yake mwenyewe mkononi, jambo ambalo halikuwa dogo katika nyumba nyingi.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapokosa njia, kwa maoni yangu. Huliandika shauri hili kana kwamba mwani ni desturi ya kale na tiara ni mgeni aliyeivamia. Mwani wa biashara pale Paje haujatimiza miaka 50. Wauzao mwani na wajengao hoteli waliingia kwa mlango mmoja: bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980, Serikali ya Zanzibar ililegeza biashara, na mwaka 1986 ikatunga sheria ya kulinda mitaji ya wageni. Mmoja alitangulia, mwenziwe akafuata.

Kilicho cha kale si mwani, bali ni haki ya mwanamke juu ya ule mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Kabla ya mwani alikuwa akizika makumbi ya nazi humo, akiyafukua yakisha kuoza, akiyapiga na kusokota kamba. Na maji yakitoka alikwenda miambani kutafuta pweza na kombe. Haki hiyo ilijulikana na jirani zake wote bila ya kuandikwa, na haki isiyoandikwa hupata taabu mara tu ifikapo watu wasiokuwa majirani.

Taabu yenyewe haina kelele. Maji yakijaa, vijiti hufichika, na mchezaji akikwama juu yake aweza kujeruhiwa, na kamba za mkulima zikakatika. Maji yakitoka, mwanamke mwenye gunia kichwani hupita chini ya nyuzi ndefu za tiara, zilizokazwa na upepo, zenye kukata kama kisu. Ziko saa ambazo bahari yenyewe huwatenga, lakini mtalii ana siku zake chache za kukaa, wala hasomi kalenda ya bamvua. Ni kweli pia kwamba vijana wa kijiji wamejifunza mchezo huu na sasa wanaufundisha kwa malipo, hata nyumba moja yaweza kuwa na mama shambani na mwana chini ya tiara.

Na juu ya hayo yote maji yamezidi joto. Ile aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji machache, ikabaki spinosamu, ambayo bei yake ni duni. Wataalamu wamejaribu pamoja na wakulima kuupanda mwani katika maji marefu, ambako kuna ubaridi. Lakini huko pahitaji chombo, na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa rika la kwanza hawakufundishwa kuogelea. Wale wawezao watakwenda. Wasioweza watang'oa vijiti vyao mmoja mmoja, kwa nyakati mbalimbali, na mahali penye shamba patabaki mchanga mtupu na maji ya kufika magotini, kama apendavyo mwenye tiara.