Bima ya Maisha ya Mzazi Mzee: Hukumu Yake na Namna ya Kuiweka Sawa

AlhamduliLlaah, na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Maswahaba zake.

Suala la bima ya mzazi aghlabu huletwa baada ya mazishi, ndugu wakishagombana. Aliyeandikwa jina lake husema fedha ni zake, wenziwe husema ni mirathi. Wakati wa kulimaliza ni sasa, mzee yu hai na akili zake timamu.

Hukumu yake
Bima ya maisha ya kibiashara wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiharimisha kwa sababu ya gharari na riba. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, iliamua mwaka 1985 kuwa bima ya kibiashara ni haramu, na badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo leo huitwa takaful. Wako wachache walioiruhusu, kama Sheikh Mustafa az-Zarqa, lakini kauli ya wengi ndiyo yenye salama.

Mzee akiwa hai
Mali ni yake, mtoto asimwamulie. Kaa naye kwa upole, wala usimlaumu kwa jambo alilolifanya bila ya kujua. Itizameni hati pamoja: ni ya kibiashara au takaful? Ameshalipa kiasi gani? Akiivunja leo atarudishiwa ngapi? Limeandikwa jina la nani? Na kama mtoto ndiye aliyekuwa akilipa, ijulikane mapema: alimpa mzazi wake au alimkopesha?

Ikiwa ni ya kibiashara, aivunje kwa maandishi. Kuacha kulipa kimya kimya huweza kumkosesha hata alichokitoa. Atakachorudishiwa, kwa kadiri ya alicholipa, ni halali yake. Kinachozidi akitoe kwa masikini.

Akifariki kabla ya kuivunja
Tuseme mzee alilipa jumla ya shilingi 4,800,000 na kampuni ikatoa 10,000,000. Zile 4,800,000 ni mali ya marehemu. Zilizozidi, 5,200,000, wapewe masikini au maslahi ya Waislamu kwa nia ya kujitakasa nazo.

Katika mali yake hutangulizwa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Ikiwa hayo hayapo, na ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike: mke ana thumni, 600,000, kila mwanamume 1,680,000, na mwanamke 840,000.

Jina lililoandikwa
Jina kwenye hati halimfanyi mtu kuwa mmiliki. Ni mwenye kupokea kwa amana, kisha awafikishie warithi. Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliamua hivyo mwaka 1973. Hakuna wasia kwa mrithi, ila warithi wengine wakiridhia.

Katika takaful, wanavyuoni wamekhitalifiana iwapo kinachotolewa mwanachama akifa ni mirathi au ni msaada unaofuata masharti ya mfuko. Basi masharti yasomwe mapema.

Mzee aandike haya mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na watoto wote waelezwe. Ikitokea khitilafu hapa Zanzibar, rejeeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi.

Kumlinda mzazi ni pamoja na kuwalinda wanawe wasigombane juu ya kaburi lake.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.