Seremala Aliyeambiwa Gitaa Si Kazi Yake

Baba yangu alikuwa seremala, na mtaani kwetu walimwita "fundi vitanda". Gitaa langu la kwanza alilitengeneza yeye, kwa mabaki ya kabati. Halikuwahi kutoa sauti sawasawa hata siku moja, nami nililionea aibu. Basi mwaka juzi, nilipokuwa Marekani, nikafika mji mdogo wa Nazareth, Pennsylvania, kutembelea kiwanda cha C. F. Martin. Nilidhani nakwenda kuangalia magitaa tu. Kumbe!

Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, Ujerumani, katika ukoo wa maseremala. Alijifunza kazi Vienna kwa Johann Stauffer, mtengenezaji magitaa aliyesifika. Aliporudi kwao akakuta ugomvi. Chama cha mafundi fidla kilidai kwamba gitaa ni ala ya muziki, kwa hiyo ni haki yao peke yao. Seremala abaki na samani zake. Mvutano huo ulichukua miaka. Maseremala walishinda, lakini mwaka 1833 Martin alifunga mizigo akahamia New York, kisha mwishoni mwa miaka ya 1830 akahamia Nazareth.

Ndani ya kiwanda mashine zipo, ila mikono ya watu ni mingi kuliko nilivyotarajia. Mbao za ubavuni huloweshwa na kupashwa moto hadi zikubali kupinda. Kisha vipande vya ndani hupakwa gundi na kubanwa kwa vibanio kama vile vya kuanikia nguo, safu nzima. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Baba naye alichukua vibanio vya mama, na mama aligomba wiki nzima.

Nikaonyeshwa mgongo wa ubao wa mbele: vijiti viwili vimepishana kama herufi X. Mtindo huo Martin aliuanza kwenye miaka ya 1840, enzi za nyuzi za utumbo. Karne iliyofuata zikaja nyuzi za chuma, zinazovuta kwa nguvu zaidi, na mifupa ileile ikastahimili. Kazi ya seremala hiyo, jamani: kujua mbao itavumilia nini.

Vizazi sita vya ukoo huo vimeongoza kiwanda. Mwaka 2021, Chris Martin alikabidhi ukurugenzi kwa Thomas Ripsam, mtu wa kwanza asiye wa ukoo. Wengine wanaweza kuona hapo mwisho wa hadithi. Mimi niliona ahueni. Kwetu mnyororo ulikatika mapema zaidi: baba alinitaka karakana, nikachagua vitabu. Randa yake iko chini ya kitanda alichonitengenezea.

Lile gitaa niliwahi kumpa jirani, kwa furaha kabisa. Sasa nalitafuta. Nataka nichungulie ndani, nione vijiti vyake alivipanga vipi.