Bajeti ya Kaya Hai Malakal

Bajeti ya kaya Hai Malakal ni mpango ambao familia za mtaa huo wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, hutumia kugawa mapato yao kati ya chakula, maji, mkaa, pango, matibabu na ada za shule. Bajeti hii hupangwa zaidi kwa vipimo vya bidhaa na kwa idadi ya siku kuliko kwa pauni. Sababu yake ni pauni yenyewe, ambayo imepoteza thamani mara kwa mara tangu ilipoanza kutumika tarehe 18 Julai 2011, siku tisa baada ya uhuru. Anayetaka kujua jinsi mwanamke wa Hai Malakal anavyojifunza kuendesha nyumba na aanze na fedha hiyo.

Mtaa umepewa jina la mji wa Malakal, ulioko kaskazini kando ya Mto Nile Mweupe. Una makaburi ya zamani ambayo watu waliokosa makazi wamewahi kujenga vibanda katikati yake. Kama ilivyo sehemu nyingi za Juba, hapa wanaishi watumishi wa serikali, wanajeshi, wachuuzi, wauza chai na waendesha bodaboda, pamoja na familia zilizorejea kutoka Khartoum na kutoka kambi za wakimbizi za Kenya na Uganda. Kiarabu cha Juba ndicho kinachowaunganisha, na waliokulia kambini Kakuma au jijini Kampala hukuta wenzao wa kuongea nao Kiswahili.

Pauni isiyokaa

Karibu asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta ghafi, nayo hupita kwenye mabomba ya Sudan hadi Port Sudan. Kila bomba linapofungwa, kilio husikika jikoni. Uzalishaji ulisimamishwa Januari 2012 kwa mgogoro na Khartoum, ukarudi Aprili 2013, na Desemba mwaka huohuo vita vikazuka Juba. Tarehe 15 Desemba 2015 Benki Kuu iliiacha pauni ijitafutie bei sokoni, na kiwango rasmi kikaruka kutoka takriban pauni 2.96 kwa dola hadi 18.5. Kwenye karatasi za benki, mtu aliyekuwa na pauni 1,850 alilala na dola 625 akaamka na dola 100. Wafanyabiashara hawakushtuka sana, maana walikuwa wameanza zamani kupanga bei kwa kiwango cha wabadilishaji wa mitaani. Walioumia ni wenye mishahara.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza kwamba kati ya Oktoba 2015 na Oktoba 2016 bei zilipanda kwa asilimia 835.7, yaani kilichouzwa pauni 100 kikawa kinakaribia 936. Baadaye bei zilitulia kidogo, kisha Februari 2024 bomba moja kubwa likapasuka ndani ya Sudan iliyokuwa vitani. Dola iliyouzwa kwa pauni 1,100 hivi mwanzoni mwa mwaka ikapita 3,000 kabla ya mwaka kwisha, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila mishahara. Serikali ilikuwa imepandisha mishahara hiyo mwaka 2023, lakini nyongeza isiyolipwa haichemshi sufuria.

Malwa, pipa na siku

Nafaka katika masoko ya Juba, likiwemo Konyo Konyo, hupimwa kwa malwa, kopo linalochukua takriban kilo 3.5. Mama anayejua nyumba yake hajiulizi wiki hii atatumia pauni ngapi. Anajiuliza malwa moja ya unga itawalisha watu wangapi kwa siku ngapi, na jibu hilo halibadiliki hata pauni ikianguka. Maji nayo huhesabiwa kwa mapipa yanayojazwa na magari ya maji, au kwa madumu ya lita 20 yanayoletwa kwa baiskeli. Mkaa hununuliwa kwa gunia, na aliyeishiwa hununua kwa mafungu kwa bei ya juu zaidi. Hilo ndilo pigo la siku zote kwa maskini: kidogokidogo hugharimu zaidi.

Kwa hiyo anayelipwa kwa mwezi hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: mshahara usilale. Siku unapotoka, fedha hugeuzwa kuwa unga, mafuta ya kupikia, sukari, chumvi, sabuni na mkaa, vitu visivyooza upesi. Bamia iliyokaushwa na karanga za kusaga hufuata, maana mboga yenye karanga huipeleka asida, ugali wa huku, mbali. Sehemu kubwa ya bidhaa hizi hutoka Uganda kwa barabara ya lami ya kutoka Nimule, mpakani, hadi Juba, kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012. Mvua kubwa, shambulio barabarani au mgomo wa madereva huonekana kwenye bei baada ya siku chache, na mama mwangalifu husikiliza habari za Nimule kwa makini.

Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo fungu la chakula linavyokula sehemu kubwa ya mapato yake. Hai Malakal inathibitisha hilo kila siku. Ndiyo maana ushauri wa kupunguza anasa hauwafai watu hawa. Hakuna anasa ya kupunguza, kuna milo tu, na familia iliyobanwa hushuka kutoka milo miwili hadi mmoja, watoto wakipewa kwanza.

Mwenye kipato cha kila siku ana somo gumu zaidi, na wauza chai hulipata kwa machungu. Tuseme mama amenunua sukari, majani ya chai na mkaa kwa pauni 10,000, akauza chai kwa 15,000. Anaona faida ya 5,000, anapika kwa hiyo 5,000, na kesho anakuta vitu vilevile vimefika 13,000. Faida yake halisi ilikuwa 2,000; zile 3,000 nyingine zilikuwa mtaji, naye ameula bila kujua. Wazoefu hununua sukari ya kesho jioni hiyohiyo kabla ya kununua chakula cha nyumbani, kisha kinachobaki ndicho hukiita faida. Katika stadi zote za fedha zinazoweza kufundishwa Juba, sioni yenye uzito kuliko hii.

Kuandika

Mwaka 1904 mwandishi wa Kijapani Hani Motoko alichapisha kitabu cha hesabu za nyumbani, kakeibo, ambamo mama wa nyumba huandika mapato na matumizi na kuyalinganisha mwezi kwa mwezi. Njia hiyo hudhani kwamba yeni ya Januari na ya Juni zinalingana. Pauni hailingani hivyo, kwa hiyo daftari linalofaa Hai Malakal huandika siku ambayo gunia lilifunguliwa na siku lilipokwisha. Wengi hawaandiki kabisa, kwa kuwa vita viliwanyima shule, na hesabu hii hukaa kichwani. Binti huipata kwa kutumwa sokoni: anapewa fedha, anaambiwa alete nini, na akirudi na pungufu huulizwa aliuliza bei kwa wauzaji wangapi.

Sanduk

Kikundi cha kuchangishana kwa zamu, ambacho Tanzania huitwa upatu na Kenya chama, hapa huitwa sanduk. Wanawake kumi, mathalani, hutoa kiasi sawa kila wiki na mmoja huchukua chote, hadi zamu ziishe. Bei zinapopanda, wa kwanza hupata mzigo mzito na wa mwisho hupata makaratasi. Vikundi vimejifunza kujikinga. Vingine hufupisha mzunguko, watu wakichanga kila siku. Vingine huchanga kwa bidhaa, kila mmoja kilo kadhaa za sukari au unga, au huhesabu mchango kwa dola. Mwenye mgonjwa au msiba huruka foleni.

Aina ya pili ni vikundi vya hisa na mikopo, vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Wanachama hununua hisa, hukopeshana, huwa na mfuko wa dharura, na fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu linalofunguliwa na watu watatu mbele ya wote. Kwa kawaida mgao hufanywa baada ya mwaka mmoja hivi. Juba, fedha iliyofungiwa kwa mwaka ni fedha iliyotupwa, kwa hiyo kikundi chenye akili huhakikisha sanduku liko tupu: zote zimekopeshwa, ziko sokoni zikizunguka kama nyanya, samaki au mitumba. Mkufunzi anayewaambia wanawake hawa waweke akiba sehemu ya kumi ya pauni zao kila mwezi anawapotosha, hata kama nia yake ni njema.

Ndugu na shule

Idadi ya walaji haijulikani mapema. Ndugu hufika kutoka kijijini kwa matibabu au kwa kukimbia mapigano, na kumkataa hakuwaziki. Kaya zinazodumu hutenga unga wa wageni kando na unga wa nyumba, ili mgeni asiwe sababu ya kukopa dukani kwa daftari la deni.

Ada huvuka mpaka. Familia nyingi za Juba zina watoto wanaosoma Uganda, mara nyingi mama akipanga chumba huko na baba akibaki kutafuta. Ada ni kwa shilingi ya Uganda, ambayo imetulia zaidi kuliko pauni, hivyo mzazi hununua dola kidogokidogo kila anapopata, badala ya kungoja muhula uanze. Noti hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Zilizochanika, zilizochorwa au zilizochapwa kabla ya 2006 hukataliwa na wabadilishaji, na noti ndogo za dola moja, tano au kumi hununuliwa kwa bei ya chini kuliko noti ya mia.