Ubadilishaji wa spika katika boksi la gitaa la besi

Ubadilishaji wa spika katika boksi la gitaa la besi ni kazi ya kuondoa spika iliyochakaa au dhaifu ndani ya boksi la zamani na kufunga nyingine mahali pake, huku boksi lenyewe likibaki. Kazi hiyo hufanywa na wanamuziki na mafundi kwa sababu mbao za boksi hudumu kuliko spika, na kwa kawaida spika moja hugharimu kidogo kuliko boksi zima jipya.

Spika ya bei nafuu inaweza kulifanya boksi la zamani lisikike vizuri kuliko lilipotoka kiwandani, mradi ilingane na boksi hilo na kikuza sauti. Isipolingana, sauti huwa mbaya, na wakati mwingine spika au kikuza sauti huungua.

Historia

Spika ya koili inayotembea, ambayo ni aina ya kawaida hadi leo, ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Gitaa la besi la umeme lilianza kuenea baada ya kampuni ya Leo Fender kutoa gitaa la Precision Bass mwaka 1951. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitoa kikuza sauti cha Bassman kilichokuwa na spika moja ya inchi 15. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT, kikuza sauti cha wati 300 kilichounganishwa na maboksi mawili, kila moja likiwa na spika nane za inchi 10.

Zamani ukubwa wa boksi ulipatikana zaidi kwa kujaribu na kusikiliza. Mwaka 1961 mhandisi Neville Thiele wa Australia alichapisha njia ya kukokotoa mwenendo wa spika ndani ya boksi lenye tundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney aliiendeleza kazi hiyo. Vipimo vinavyotokana na kazi yao huitwa vigezo vya Thiele na Small, na watengenezaji wengi wa spika huvitaja katika karatasi za maelezo. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye boksi la miaka ya 1960 anaweza leo kulichagulia spika kwa hesabu ambazo aliyelitengeneza hakuwa nazo.

Sumaku nazo zimebadilika. Spika nyingi za zamani zilitumia alniko, yaani aloi yenye alumini, nikeli na kobalti. Mwaka 1978 vita vilizuka katika mkoa wa Shaba nchini Zaire (eneo la Katanga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), eneo lililokuwa chanzo kikubwa cha kobalti duniani. Bei ya madini hayo ilipanda sana, na watengenezaji wengi wa spika wakahamia sumaku za feraiti zisizohitaji kobalti. Spika nyingi za bei nafuu bado hutumia feraiti. Ni nzito, lakini uzito huo si dalili ya sauti duni.

Boksi na spika kama chombo kimoja

Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Mawimbi ya pande hizo mbili yakikutana, sauti nzito hufutana. Boksi huzuia jambo hilo. Kuna aina mbili kuu:

- Boksi lililofungwa: hewa iliyo ndani hufanya kazi kama springi na kuisaidia koni kurudi mahali pake.
- Boksi lenye tundu au bomba: hewa ya ndani ya tundu hutetemeka kama ile ya chupa inayopulizwa mdomoni. Mtetemo huo huongeza nguvu katika noti za chini.

Waya mnene wa gitaa la besi la nyaya nne hutoa noti ya E yenye mitetemo 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Waya wa B katika gitaa la nyaya tano hutoa hezi 31 hivi. Katika boksi lililofungwa, kila sauti inaposhuka oktavu moja, koni hulazimika kusafiri mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki uleule. Ndiyo maana noti za chini ndizo zinazoharibu spika dhaifu kwanza.

Vigezo vya kuchagua spika

Ukinzani. Hupimwa kwa omu, na aghalabu ni 4, 8 au 16. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba hutoa omu 4. Vikuza sauti vya transista vina kiwango cha chini cha ukinzani, na kushuka chini ya hapo huvipasha moto na kuweza kuviunguza. Vikuza sauti vya valvu huhitaji ukinzani ulioandikwa kwenye tundu la kutolea sauti, wala havipaswi kupigwa bila spika kuunganishwa.

Usikivu. Ni ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja ikipimwa kwa umbali wa mita moja. Hupimwa kwa desibeli. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya kikuza sauti maradufu. Hivyo spika ya desibeli 99 inayopewa wati 100 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 93 inayopewa wati 400. Kipimo hiki mara nyingi humfaa mnunuzi kuliko idadi ya wati iliyoandikwa mgongoni mwa sumaku.

Nguvu. Wati zinazotajwa huonyesha joto ambalo koili inaweza kustahimili. Spika ya wati 400 inaweza kufikia mwisho wa mwendo wa koni kwa wati chache zaidi ikipigwa noti za chini. Kwa hiyo hutazamwa pia Xmax, yaani umbali ambao koni husafiri bila koili kutoka katika nguvu ya sumaku.

Fs, Vas na Qts. Fs ni mtetemo asilia wa spika. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa vishikizo vya koni. Qts huonyesha jinsi mtetemo wa koni unavyotulizwa.

Mfano wa hesabu

Boksi lililofungwa lenye vipimo vya ndani vya sentimita 60, 50 na 35 lina ujazo wa lita 105. Sehemu inayochukuliwa na spika na mihimili ikiondolewa, hubaki lita 100 hivi.

Tuseme spika ina Fs ya hezi 40, Vas ya lita 200 na Qts ya 0.4. Vas hugawanywa kwa ujazo wa boksi: 200 kwa 100 ni 2. Huongezwa 1 kupata 3, kisha hutafutwa kipeuo cha pili, ambacho ni 1.73. Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi ni 0.4 mara 1.73, yaani 0.69, na mtetemo wake ni hezi 69. Thamani iliyo karibu na 0.7 hutoa sauti iliyo sawia.

Spika nyingine yenye Fs na Vas zilezile lakini Qts ya 0.8 ingefikia 1.38 katika boksi hilohilo. Hiyo ingevuma kwenye noti chache na kuzifunika nyingine, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Hatua za kazi

1. Kuhakikisha kwamba tatizo ni spika. Skrubu zilizolegea, waya uliokatika au soketi chakavu hutoa mikwaruzo inayofanana na ya spika mbovu. Koni ikisukumwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili na kukwaruza, koili imepinda au imeungua.
2. Kupima ukinzani wa spika ya zamani kwa mita. Spika ya omu 8 huonyesha omu 6 hivi, na ya omu 4 huonyesha kati ya 3 na 3.5.
3. Kupima kipenyo cha tundu la mbao, nafasi za skrubu na kina cha boksi. Spika mbili za inchi 15 zinaweza kutofautiana katika vipimo hivyo.
4. Kukata umeme, kutoa spika ya zamani, na kuandika waya upi ulikuwa upande wa chanya.
5. Kufunga spika mpya pamoja na gasketi ili hewa isivuje, na kukaza skrubu kwa zamu kutoka upande mmoja hadi ulio mkabala.
6. Kukagua mwelekeo wa waya kwa betri ya volti 1.5 inayoguswa kwa muda mfupi. Kwa spika nyingi za sasa, koni husogea mbele chanya ikigusa chanya. Katika boksi la spika kadhaa, moja ikifungwa kinyume, sauti nzito hupotea.
7. Kupiga kwa sauti ndogo kwanza, kisha kupandisha taratibu.

Makosa ya kawaida

Spika za gitaa la solo na ridhimu hazifai kwa besi, hata zikiwa na kipenyo kilekile, kwa sababu koni zake husafiri umbali mfupi. Spika za besi za magari huwa na mwendo mrefu, lakini nyingi zina usikivu mdogo, hivyo hunyonya nguvu ya kikuza sauti bila kusikika jukwaani. Kosa lingine ni kufunga spika mpya katika boksi lenye mbao zilizoachana. Hewa inayovuja hutoa miluzi na kupunguza besi, kwa hiyo viungo hugundishwa upya kabla ya spika kununuliwa.

Spika ya zamani yenye sumaku na fremu nzima haina haja ya kutupwa. Fundi anaweza kuiwekea koni na koili mpya, na kwa maboksi yenye thamani ya kihistoria njia hiyo huhifadhi sauti ya asili vizuri zaidi.

Tazama pia

- Gitaa la besi
- Kikuza sauti
- Kobalti
- Spika