Miaka 28 ya Barafu Jangwani

Aprili 17, 2024, timu ya hoki ya barafu ya Arizona Coyotes ilicheza mechi yake ya mwisho katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Tempe, Arizona. Iliifunga Edmonton Oilers mabao 5 kwa 2. Siku iliyofuata, wamiliki wa timu za ligi ya NHL waliidhinisha mauzo ya dola bilioni 1.2, na wachezaji pamoja na makocha wakahamia Salt Lake City, jimbo la Utah. Ukumbi ule wa Tempe ulikuwa na viti visivyozidi 5,000. Eneo la jiji la Phoenix, ambalo Tempe ni sehemu yake, lina watu karibu milioni 5.

Nasomea historia ya miji kwa shahada ya uzamili, na tarakimu hizo mbili ndizo zilizonivuta kwenye habari hii. Kila timu ya Marekani inapotaka kuhama, swali huwa lilelile: je, jiji hili linalokua linaweza kuibeba? Kuhusu Phoenix, watu wengi wana jibu tayari: barafu na jangwa havipatani, na mwisho wake ulijulikana tangu mwanzo. Kadiri ninavyoifuatilia miaka ile 28, ndivyo ninavyoona jibu hilo halitoshi. Mapenzi ya hoki yaliota Phoenix, tena vizuri. Ila yalihitaji kizazi kizima kukomaa, na katika muda huo wote hakupatikana mtu wa kubeba hasara hadi mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu timu yenyewe. Timu ya NHL si klabu ya wanachama. Ni mali ya tajiri au kampuni, pamoja na haki ya kucheza katika ligi, na mwenye mali akipata idhini ya wamiliki wenzake anaweza kuihamisha. Coyotes walizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1972, wakiitwa Jets. Walianzia kwenye ligi pinzani ya WHA, wakaingia NHL mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1990 hali iliwabana: wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani, tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, na dola moja ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti kama 73 za Marekani. Ukumbi wao ulikuwa umechakaa. Mwaka 1995 wakazi walichanga fedha kuinusuru timu, hata watoto wakavunja vibubu vyao. Ilinunua mwaka mmoja tu. Aprili 1996 Jets walifungwa na Detroit Red Wings, wakaondoka.

Phoenix ilionekana kuwa na kila kitu ambacho Winnipeg ilikosa. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu watu 983,000 hivi ndani ya mipaka ya jiji. Ya mwaka 2000 ilihesabu zaidi ya milioni 1.3. Winnipeg ilikuwa imesimama kwenye laki sita na ushee. Hata hoki haikuwa ngeni: Phoenix Roadrunners walikuwa wamecheza WHA kati ya 1974 na 1977. Na kulikuwa na ukumbi mpya katikati ya jiji, uliofunguliwa mwaka 1992.

Ukumbi huo ndipo tatizo la kwanza lilipojificha. Ulijengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na uwanja wa hoki ni mrefu zaidi. Barafu ilipotandazwa, viti vya juu vya upande mmoja vilining'inia juu yake, kiasi kwamba aliyekaa pale hakuliona lango lililokuwa chini yake. Isitoshe, Coyotes walikuwa wapangaji. Katika biashara hii, tiketi ni sehemu tu ya mapato. Kuna maegesho, vyakula, mabango na matamasha, na vingi kati ya hivyo huenda kwa mwenye nyumba. Mashabiki walikuja, wakauendeleza hata utamaduni wa Winnipeg wa kuvaa nyeupe ukumbi mzima wakati wa mechi za mtoano. Lakini timu haikushinda hatua hata moja ya mtoano hadi mwaka 2012.

Wamiliki wakatafuta ukumbi wao wenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo takwimu za sensa hazionyeshi. Tunaposema "Phoenix" tunasema miji mingi iliyogusana: Phoenix, Scottsdale, Tempe, Mesa, Glendale na mingineyo, kila mmoja na meya wake, baraza lake na kodi zake. Watu karibu milioni 5 wangeweza kununua tiketi, lakini hapakuwa na serikali moja ya watu milioni 5 ya kujenga ukumbi. Mpango wa awali ulikuwa kujenga Scottsdale, upande wa mashariki, kwenye eneo la maduka ya Los Arcos. Ulipokwama, Glendale iliyoko magharibi ikasema iko tayari. Ulikuwa mji wa watu laki mbili na zaidi kidogo, ukitamani kutoka kwenye kivuli cha jirani yake mkubwa. Ulibeba dola milioni 180 za gharama, na ukumbi ukafunguliwa Desemba 2003. Wanunuzi wengi wa tiketi walikuwa mashariki. Kwa mtu wa Scottsdale anayetoka kazini, mechi ya jioni ya katikati ya wiki sasa ilikuwa safari ya kuvuka bonde zima katika foleni.

Mei 2009 timu iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Jim Balsillie, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, alitoa dola milioni 212.5 ili aipeleke Hamilton, Ontario. Ligi ilipinga, kwa hoja kwamba yenyewe ndiyo inayoamua timu icheze wapi. Jaji alikataa ombi la Balsillie, na hatimaye NHL ikainunua timu yenyewe kwa dola milioni 140. Baada ya hapo Glendale ililipa ligi dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo, ili timu isiondoke. Mwaka 2013 ilikubaliana na wamiliki wapya kuwalipa dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15, kama ada ya kuendesha ukumbi. Mwaka 2015 baraza likapiga kura kuuvunja mkataba huo.

Ninapoisoma sehemu hii nawafikiria wakazi wa Glendale wasiojua hata kanuni za hoki. Mji mdogo ulilipia timu iliyobeba jina la mji mwingine, na baadaye jina la jimbo zima, kwa kuogopa ukumbi mtupu wenye deni. Kila mwaka ilionekana nafuu kulipa tena kuliko kukubali kwamba fedha za mwaka uliopita zimepotea.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo hoki ilikuwa inaota mizizi. Auston Matthews alihamia Arizona akiwa mchanga, akakulia Scottsdale, akaanza kupelekwa kwenye mechi za Coyotes kabla hajajua kusoma. Mwaka 2016 alichaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa chipukizi wote walioingia NHL, akachukuliwa na Toronto Maple Leafs. Jiji linalokua ni jiji la wahamiaji, na mtu mzima anayehama huja na timu yake moyoni. Aliyetoka Chicago au Detroit alikuja Glendale kushangilia wageni. Anayezaliwa na timu ya nyumbani ni mtoto. Matthews alizaliwa mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya timu kufika. Wenzake wa rika hilo walipofikia umri wa kujinunulia tiketi za msimu, timu ilikuwa inafukuzwa Glendale.

Mwaka 2022 Coyotes wakahamia kwenye ukumbi wa chuo, Tempe, huku wakipanga mtaa mpya wa burudani wa dola bilioni 2.1 juu ya jalala la zamani. Serikali ya jiji la Phoenix ilipinga sehemu ya mpango huo, kwa sababu nyumba zingejengwa chini ya njia ya ndege za uwanja wake wa Sky Harbor. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe waliulizwa maswali matatu kuhusu mradi, wakayakataa yote. Walikuwa wameona yaliyompata jirani.

Ulinganisho unaonisaidia zaidi ni Atlanta na Winnipeg. Atlanta, eneo la watu zaidi ya milioni 5, limepoteza timu mbili za NHL: moja ilikwenda Calgary mwaka 1980, nyingine Winnipeg mwaka 2011. Winnipeg haikuwa imekua sana. Kilichobadilika ni kwamba ligi ilikuwa imeweka ukomo wa mishahara tangu 2005, dola ya Kanada ilikuwa imepanda, na wanunuzi walikuwa ndio wenye ukumbi. Tiketi za msimu 13,000 zilinunuliwa kwa haraka ya ajabu. Lakini kufikia mwanzoni mwa 2024 zilikuwa zimeshuka chini ya 10,000. Kwa hiyo hata mji wenye kumbukumbu ndefu ya hoki hauwezi kukaa na kutegemea kumbukumbu hiyo.

Sasa ni zamu ya Salt Lake City. Utah liliongoza majimbo yote kwa kasi ya ongezeko la watu kati ya 2010 na 2020, na takwimu hiyo imetajwa sana kama ushahidi kwamba timu itadumu. Phoenix nayo ilikuwa na takwimu kama hiyo. Ukumbi wa Salt Lake pia ulijengwa kwa mpira wa kikapu, mwaka 1991, na timu ilipofika maelfu ya viti havikuwa na mwonekano kamili wa barafu. Tofauti ninayoiona yenye uzito ni kwamba Ryan Smith anamiliki timu ya hoki, timu ya kikapu na ukumbi wenyewe, na ukumbi uko katikati ya jiji.

Hata hivyo, jiji limepandisha kodi ya mauzo kwa nusu asilimia ili kuufadhili mradi wa ukumbi na mitaa inayouzunguka. Mtu anayenunua viatu vya shule Salt Lake anachangia, awe shabiki au asiwe. Watoto waliozaliwa mwaka timu ilipofika watafikia umri wa kununua tiketi zao wenyewe miaka ya 2040. Mkazi wa jiji hilo akiniuliza kama timu itabebwa, nitamwomba asinitajie tena idadi ya watu. Nitataka kujua ni nani ametia saini ya kulipa hasara hadi watoto hao wakue.