Mtu ni Afya: Somo la 1973 kwa Mchango wa Mwaka Huu



Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa nchi nzima. Kwa wiki 12, watu wazima takriban milioni 2 walikusanyika vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu.

Nguvu yake ilikuwa katika hatua iliyofuata. Wanakikundi waliulizana: sisi hapa tufanye nini? Wakafyeka nyasi karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji. Vyoo walivyochimba kwa mikono yao vilihesabika kwa mamia ya maelfu.

Sisi tulio mjini hupenda kuchangia kinachoonekana: jengo, bati, kibao chenye majina. Zahanati tunaihitaji, lakini inampokea aliyekwisha kuugua. Shilingi inayofundisha kaya kutunza maji haizinduliwi kwa utepe, ila huokoa nauli, dawa na siku za shamba.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa mwaka huu uwe na mafungu mawili: moja la zahanati, la pili la mafunzo na posho ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vyoo vya 1973 vilishajaa, na waliojifunza wakati ule sasa ni mababu na mabibi. Somo linahitaji kurudiwa. Kila mmoja wetu aseme kinga ni bora kuliko tiba, kisha aichangie.